Ukifuta, Anza Mwisho

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikaa kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha. Mwanamke huyu watu walimwita Mkwe. Baba mkwe wake ndiye aliyeanza, na hiyo ni haki yake. Halafu akaiga mwenye ng'ombe wa jirani, akafuata muuza duka, na mwishowe hata wageni wasiomjua walikuwa wanapiga hodi getini: "Mkwe, samahani, choo kiko wapi?" Naye aliwaitikia wote. Angemnunia nani akamwacha nani?

Kazi yake ilikuwa njia. Usifikirie barabara, mimi nasema njia: hizi za miguu, zinazokatiza malisho na kufuata vijito, zinapanda vilima vya kivivu ambavyo hata mtoto anavipanda huku anaimba, kisha zinateremka mpaka kwenye nyanda za chini karibu na bahari, huko ambako tope na maji ya chumvi vinagombea uwanja tangu dunia iumbwe. Watu wa mjini walikuja kutembea huko. Kutembea tu, bila kwenda popote. Wanaondoka getini asubuhi, jioni wanarudi getini palepale, wamechoka na wamefurahi. Mwenye ng'ombe alipoelezwa habari hiyo alicheka mpaka akashika mti. "Kumbe ng'ombe wangu ni watalii, na mimi nawachapa fimbo!"

Ili watu hao wasipotee, kulikuwa na alama. Mstari wa rangi ya njano, upana wa kiganja, kimo cha kifua, juu ya mti au jiwe au kigingi. Ukisimama kwenye alama moja, lazima uione inayofuata. Ukiwa huioni, basi mwenye njia hajui kazi yake. Mkwe alipaka alama hizo, alifyeka nyasi zilizozificha, alibadilisha mbao za vidaraja, na ofisi inayosimamia njia hizo ilipoamua kufunga njia fulani, alifuta alama zake kwa tina ya kuyeyushia rangi na brashi ya waya.

Aliyemfundisha yote hayo ni huyo baba mkwe, mzee mwembamba aliyeitwa Fyekeo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila fyekeo mkononi. Utani wa pale ulikuwa kwamba hata siku ya harusi yake alisimama nalo kwenye picha. Alikuwa na maneno machache, lakini ya kazi yalikuwa kama msumari. Mgeni aliyepotea akirudi analalamika, mzee alimwambia, "Kupotea njia ndiko kujua njia," akampa maji ya kunywa na habari ikaisha. Kwa mkwewe alikuwa mkali zaidi. Alimfundisha kwamba alama zikikatika mbele yako, rudi pale ulipoiona ya mwisho, simama, usisogee. Mwenye njia atapita. Na akamfundisha namna ya kufuta.

"Ukifuta, anza mwisho uje nyumbani," alisema. "Usianze nyumbani ukaenda mwisho hata siku moja. Unajua kwa nini?"

"Sijui, baba."

"Kwa sababu njiani kuna mtu. Hata kama humwoni, kuna mtu. Ukianza mwisho, unamkuta, mnarudi wote. Ukianza nyumbani, unamfungia nje."

Siku hiyo Mkwe alikuwa bado bibi arusi, mikono haijaota sugu, na alimwona mzee kama mtu wa mikwara. Alikuja pale kwa ndoa. Mumewe alikuwa mtu wa magari ya mizigo, hana habari na njia za miguu, akawa anamwacha na mzee wiki nzima. Baadaye figo zikamshika mume, zikamlaza, zikammaliza. Baada ya mazishi wote walitaraji mjane afungashe arudi kwao. Alishafungasha kweli. Asubuhi akakuta mzee amemwekea mlangoni kopo la rangi na brashi mpya, ametangulia njiani. Naye akaliokota lile kopo akamfuata. Mambo yao yalikuwa hivyo. Wengine huambiana "pole" mwaka mzima bila kufika hapo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ofisi: vyumba viwili na stoo, kando ya geti ambapo njia zote zinaanza. Brashi zilining'inia kwenye misumari, makopo yalipangwa rafuni, na harufu ya tina ilikuwa imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Mkwe alisema mtu akimletea marashi atapiga chafya.

Wakaishi hapo miaka, mzee akastaafu, Mkwe akashika kazi, na maisha yakaenda. Kisha akili ya mzee ikaanza kuhama. Haikuondoka kwa kishindo. Ilihama kama mpangaji asiyetaka mwenye nyumba ajue: leo kiti, kesho sufuria, keshokutwa godoro. Alianza kusahau siku. Akasahau kwamba mwanawe amekufa, ikabidi aambiwe, akalia upya kama ndiyo kwanza. Aliposahau tena, Mkwe hakuwa na moyo wa kumwambia. "Yuko safari, baba," alisema. Halafu mzee akasahau choo kilipo.

Hapo Mkwe akapata akili moja nzuri sana, na kila mtu alimsifu kwayo. Alichukua brashi akapaka mstari wa njano kwenye mlango wa choo. Mzee alitoka, akauona, akanyooka nao moja kwa moja. Akapaka mwingine kwenye mlango wa chumba chake, mwingine kwenye kikombe chake cha bati, mwingine kwenye nguzo ya geti. Mtu aliyekuwa hajui leo ni leo alikuwa bado anajua kufuata alama. Ilibaki hiyo tu. Mkwe alimwambia mwenye ng'ombe, "Nikimwekea alama mpaka mbinguni, atafika bila kuuliza." Wakacheka. Jamani, wakati mwingine mdomo ni wa kufunga.

Wifi yake, yaani binti wa mzee aliyekuwa akiishi mjini, alikuja akaona hali, akaweka mkono shavuni. Hakuwa mtu mbaya, tusimpakazie. Alikuwa na nyumba ya ghorofa, alikuwa na chumba, alikuwa na mtu wa kumwangalia baba mchana.

"Wifi, umebeba vya kutosha," alisema. "Baba aje kwangu. Tutafunga mlango, hatapotea."

Mzee alikuwa ameketi pembeni, wote walidhani yuko mbali. Wifi alipotoka nje kupiga simu, mzee akamshika Mkwe mkono, na macho yake siku hiyo yalikuwa yake kabisa.

"Usiache wanifungie," akasema. "Niache niwe natembea. Nikifa nifie kitandani pangu."

"Hawakuchukui, baba. Naapa."

Kwa hiyo shida ya Mkwe tangu siku hiyo ilikuwa hiyo: mzee asichukuliwe. Mengine yote yangekuja baadaye.

Haukupita muda, alama ngeni zikaanza kuonekana. Zilianzia kwenye mlango wa nyuma, zikakatiza malisho, zikapita kwenye uwazi wa ua wa miiba, zikafuata kijito, zikapanda lile tuta refu la udongo lililojengwa kuzuia maji ya bahari, zikashuka upande wa pili kwenye tope, kigingi kwa kigingi cha uzio wa zamani, hadi mahali ambapo hapana kitu ila mawe ya msingi. Mkwe alidhani ni watoto wahuni. Kisha akazitazama vizuri: upana wa kiganja, kimo cha kifua, kingo zimenyooka. Mhuni gani ana mkono ule? Aliporudi nyumbani aliangalia vidole vya mzee, akaiona rangi kwenye kucha.

"Ulikwenda wapi, baba?"

"Kwa mama," akajibu, kama mtu aliyetoka dukani.

Yale mawe yalikuwa ya nyumba aliyozaliwa. Bahari iliibomoa kabla Mkwe hajazaliwa. Mzee alikwenda pale karibu kila asubuhi maji yakiwa yametoka, akakaa juu ya mawe, akazungumza na mama yake, na maji yalipoanza kurudi alifuata alama zake mwenyewe hadi nyumbani, akanywa chai kwenye kikombe cha njano. Mara ya kwanza Mkwe alimfuata kwa woga. Mara ya pili alimfuata kwa mazoea. Baadaye akaacha kumfuata, kwa kuwa hakukosea hata mara moja. Alikuwa mtu mwenye furaha. Ungekuwa wewe ungezifuta?

Lakini wageni nao wana macho. Waliona njano, wakafuata njano. Bwana mmoja na mkewe walijikuta katikati ya tope, mke akaacha kiatu humo, bwana akatukana mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama. Wakaja wengine. Mkwe akaweka magogo mlango wa njia ile. Wageni wakayaruka, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Msimamizi wa ofisi akaja. Alikuwa kijana mpole mwenye tumbo la mapema, anayempenda mzee.

"Mkwe, mimi nimefumba macho, nimefumba, sasa yanauma," alisema. "Kesho mchana mkubwa wetu wa ofisi anakuja mwenyewe na gari. Akiziona zile alama, nyumba hii watapewa watu wengine. Na mzee utampeleka wapi ukishatoka hapa?"

Hakuna haja ya kusema wapi. Wote wawili walikijua chumba cha mjini.

"Nitafuta," alisema Mkwe.

"Zile zinazoonekana toka barabarani kwanza. Za huko tuta linakozificha utamalizia."

Asubuhi yake kulikuwa na manyunyu, yale yasiyolowesha wala kukausha, na ukungu ulilala chini mpaka huoni miguu ya ng'ombe. Mkwe aliamka na mpango mzuri. Atakwenda mpaka kwenye mawe, ataanza huko, atarudi anafuta, kama alivyofundishwa. Lakini alipokuwa anapasha chai, simu ikalia: msimamizi anasema mkubwa ametoka mapema, yuko njiani tayari. Mkwe akasema "Uwii!" akaweka sufuria chini. Akafungua mlango wa mzee, akaona blanketi limejikunja juu ya kitanda, limeinuka katikati. Amelala, alisema moyoni. Mvua kama hii atakwenda wapi? Akarudisha mlango taratibu, asimwamshe.

Akachukua tina na brashi ya waya, akatoka. Na akaanza nyumbani.

Alijua. Nisikudanganye kwamba alisahau. Alipokuwa anasugua alama ya kwanza, kwenye nguzo ya mlango wa nyuma, maneno ya mzee yalimpita kichwani, naye akayajibu kwa sauti, peke yake: "Leo hakuna mtu njiani, baba, mtu mwenyewe umelala." Akaendelea. Malisho, ua wa miiba, kijito. Alisugua hadi mabega yakawaka. Akafika juu ya tuta, akafuta kigingi kilichokuwa pale kileleni, akachungulia ng'ambo: ukungu mtupu, mweupe juu mpaka chini. Akasikia honi barabarani. Akarudi mbio.

Mkubwa alikuwa mtu wa heshima. Alishuka, akatazama malisho, hakuona njano isiyostahili, akasifu vidaraja, akasifu geti, akaomba chai. Alikaa sana. Alisimulia habari za magoti yake. Msimamizi alimkonyeza Mkwe nyuma ya mgongo wa mkubwa, na Mkwe akacheka kicheko cha mtu aliyepona. Nyumba imebaki. Mzee anabaki. Alimimina chai ya pili.

Gari lilipoondoka akachukua kikombe cha bati, akakijaza, akakipeleka chumbani. "Baba, chai." Akaweka mkono kwenye blanketi, likabonyea lote. Chini yake kulikuwa na mto na koti kuukuu.

Alikwenda stoo. Msumari wa fyekeo ulikuwa mtupu.

Mbio alizokimbia Mkwe siku hiyo hata mwenye ng'ombe, aliyemwona akipita bila kitambaa kichwani, hakuthubutu kumtania. Aliacha ndoo akamfuata. Malisho, ua wa miiba, kijito, na kila alipopita aliona madoa meupe ya usuguaji wake mwenyewe, safi, kazi nzuri. Ukungu ulikuwa umeinuka. Alipofika juu ya tuta aliona maji yamejaa.

Mzee alikuwa chini tu, upande wa pili, kwenye kigingi cha kwanza kutoka tuta, kile kilichobaki na alama. Maji yalimfika kiunoni. Alikuwa amekikumbatia kigingi kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeinua fyekeo lisilowe. Angepiga hatua chache kupanda angekuwa juu ya tuta, na kutoka juu ya tuta bati la nyumba linaonekana. Lakini juu ya tuta hapakuwa na alama. Kwa hiyo alisimama.

"Baba!"

"Usipige kelele," alisema mzee. Meno yalikuwa yanagongana. "Njia imekatika hapa. Namsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Nimekuja."

Mkwe aliingia majini, na pamoja na mwenye ng'ombe wakamvuta mzee mpaka juu. Mzee alikuwa mwepesi kama nguo. Wakamketisha kwenye majani, Mkwe akamvua shati na kumvika sweta lake, akamsugua mikono. Mzee alimtazama kwa adabu, kama anavyomtazama mgeni aliyesaidia kufungua geti. Kisha akageuka kutazama kile kigingi cha kileleni.

"Hiki nilikipaka mwenyewe," alisema. "Na vingine vyote mpaka nyumbani. Nani kafuta?"

Angeweza kusema mvua. Angeweza kusema watoto. Mwenye ng'ombe alimkazia macho ili aseme hivyo.

"Mimi, baba."

Mzee hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, kama fundi aliyeonyeshwa ukuta uliopinda.

"Ulianzia wapi?"

"Nyumbani."

Maji yalikuwa yanapiga tuta chini yao. Halafu mzee akampapasa mkono, polepole, akimliwaza kwa kosa lisilo lake.

"Pole, binti," alisema. "Aliyekufundisha kazi hii hakukufundisha."

Wakambeba. Nesi wa zahanati alisikiliza kifua, akatoa dawa, akamwita Mkwe nje na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Mzee hakumaliza wiki. Alikufa mchana, kitandani pake, mlango una mstari wa njano, kikombe cha bati kando. Hakuna aliyemfungia. Kiapo kilitimia kama kilivyoapwa, na Mkwe alitamani angekuwa mwongo. Mzee angekuwa hai huko ghorofani, anatazama ukuta.

Kwenye msiba, wifi alimkumbatia mbele ya watu. "Umemtunza baba kuliko sisi wa damu," alisema, na alilia kwa dhati.

"Wifi, nilianza nyumbani," alisema Mkwe.

"Ndiyo, wifi. Kila kitu huanzia nyumbani."

"Hapana, sikiliza. Kufuta. Nilifuta kuanzia nyumbani, naye alikuwa njiani."

Wifi alimtazama, akamfuta machozi kwa upande wa khanga. "Usijitese na mambo ya rangi. Alikuwa mzee, alipotea." Msimamizi naye alisema hivyohivyo, akaongeza kwamba ni yeye aliyeharakisha, ajilaumu yeye. Watu wote walimsamehe, na hakuna hata mmoja aliyeelewa anachosamehe. Mtu pekee ambaye angejua uzito wa kosa lile, hata akagomba ipasavyo, ndiye waliyemzika. Mkwe alilala na hilo, akaamka nalo.

Ofisi ilimpa mapumziko, kisha ikamkumbusha, kwa upole, kwamba vigingi vya upande wa tope bado vina rangi. Aliacha siku zipite. Halafu asubuhi moja maji yalipotoka, alichukua tina na brashi ya waya, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kugusa kitu. Alipita malisho na ua wa miiba, akafuata kijito, akapanda tuta, akashuka, akaenda kigingi kwa kigingi mpaka kwenye mawe. Alisimama pale kidogo.

Akaanza na kigingi cha mwisho. Alisugua hadi mbao ikawa nyeupe, akaenda kinachofuata, akasugua, akaenda. Alifanya kama alivyofundishwa, bila haraka, na kwenye kila kigingi aliinua uso akatazama mbele na pembeni, pote alipoweza kuona. Alifuta hadi kile kigingi cha chini ya tuta, ambacho alama yake ilikuwa imechubuka mahali mkono ulipoikumbatia. Hicho nacho akakifuta. Akapanda tuta, akateremka, akafika nyumbani, na njia nzima hakukutana na mtu.